Kata ya Maji Uliyoikataa

Ushongo, Mei 1957

Kaka Uweso,

Shikamoo usiitarajie kwangu. Mbuzi kazaa pacha, mihogo imekubali.

Karatasi yako ya mpima maji imesomwa msikitini: maji machafu ya kiwanda cha mkonge hayakifikii kisima chetu, tunywe bila hofu. Watu wamekusifu.

Siku uliyokuja kupima, mama alikuletea kata ya maji ya kisima hicho, ukamwambia umefunga suna. Kisha nikakuona nyuma ya gari la kiwanda, unakunywa soda.

Mama anaumwa tumbo wiki ya tatu. Kila akinywa maji hayo anakuombea dua, eti mwanawe ameyapima.

Njoo uyanywe mbele yake. Huwezi? Basi akifa usije kumzika.

Mboni, nduguyo wa tumbo moja