Muzee wa Freni wa Mapendo

Mwaka umezunguka, Musafiri, tangu moyo wako usimame ghafla dukani kwako Birere, kitenge cha mteja kikiwa bado mkononi. Sisi wa nyumbani bado tunakutaja kama mtu aliyetoka kidogo tu, anayeweza kurudi wakati wowote na kuuliza chakula kiko wapi.

Wengine wanakumbukwa kwa vyeo. Wewe mchana uliuza vitenge, na saa zilizobaki ulikuwa fundi wa baiskeli ndani ya simu. Lile grupu lenu la WhatsApp, Pedali za Goma, halikulala bila audio yako. Mtu akiandika kwamba mnyororo wake unaruka, ulimuuliza, "Uliuosha lini? Usinidanganye, udongo ninauona kwenye picha." Na yule aliyejisifu kwa tandiko lake jipya jepesi ulimjibu, "Papa, punguza tumbo kwanza, tandiko halina kosa." Halafu ulicheka peke yako mpaka mke wako Farida akauliza kama umeshikwa na homa.

Lakini kwa mambo ya freni hukuwa na mchezo. Rafiki yako Dieudonné, yule asiyeweza kukaa na neno mdomoni, alikuwa na utani wake mmoja usiozeeka. Kila mgeni akilalamika kwamba freni yake ya diski inalia, yeye humwambia apake mafuta, itanyamaza. Wenyeji wote hucheka, maana freni iliyopakwa mafuta inanyamaza kweli, ila haishiki tena kitu. Kabla kicheko hakijaisha, wewe unaingia na sauti ya juu: "Mafuta ni ya chaîne, ya mnyororo! Frein inaomba alcool ya kusafishia na kitambaa safi. Musimusikilize huyo, anataka kutuzikisha watoto wa watu!" Ndiyo ilikuwa desturi yenu, Dieudonné mbele na wewe nyuma yake. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja wa nyuma atakosekana.

Sasa acha tukuambie yaliyotupata majuzi, maana hatuna siri na wewe.

Simu yako Farida hajaizima. Anaichaji, na asubuhi akinywa chai anasoma utani wa grupu. Hajawahi kuandika neno. Anasema ni kama kukaa jikoni akiwasikiliza wanaume wanaobishana sebuleni. Jumamosi moja akaona picha ya gurudumu, na juu yake kile kipande cha kitenge ulichokifunga mwenyewe. Baiskeli yako, ile uliyoiita kinga! Na aliyetuma ni Shida, binti yenu, aliyeingia kwenye grupu bila kutuambia, na ambaye alikuwa ameaga kwamba anaenda kusoma kwa rafiki yake. Kumbe mutoto yuko Kibumba, pale mteremko wa kurudi Goma unapoanza. Aliandika, "Frein inalia sana, ninaogopa kushuka. Nifanye nini?"

Dieudonné hakuangalia vizuri picha wala jina. Alijibu kama siku zote: apake mafuta, itanyamaza. Watu wakacheka kama siku zote. Halafu hakuna aliyekuja nyuma kumsahihisha. Shida akaandika, "Aksanti, papa Dieudonné. Niko na mafuta ya chaîne hapa. Ninapaka, halafu ninashuka."

Farida hajui kitu cha baiskeli, Musafiri, ila yale uliyompigia kelele masikioni miaka yote ile. Yalitosha. Chai ilimwagika mezani. "Mamaa! Mutoto wangu anaenda kufa!" Akapiga kwa simu yake. Ikalia mpaka ikakatika. Akapiga tena, vilevile. Shida aliona jina la Mama na akaogopa, maana barabara ile yenye malori mama yake alikuwa amemkataza kwa kiapo. Mdogo wako Mohamed akamwambia, "Andika kwenye grupu, shemeji." Farida akamgeukia kwa hasira: "Mutu aliye juu ya kinga anasoma nini?" Tulimsikia akiomba, "Yaa Rabi, mume umechukua, huyu uniachie."

Ndipo akaichukua simu yako na kumpigia mutoto kwa namba yako.

Kule Kibumba Shida alikuwa amekwisha kupaka mafuta na kupanda, mguu mmoja kwenye pedali. Simu ikalia. Akatazama kioo, kimeandikwa Papa. Aliusindikiza mwili wako, alikulilia mpaka sauti ikakauka, na bado akashusha mguu chini, akapokea.

"Papa?"

Mohamed alikuwa pembeni ya Farida, sikio karibu na simu. Farida akasema polepole, "Papa yako anasema freni haipakwi mafuta. Shuka kwenye hiyo kinga, mutoto wangu. Shuka sasa hivi, usukume."

Mohamed alisikia lori likipita upande wa pili, likapiga honi, likaenda.

"Ndiyo, Papa," Shida akajibu.

Alisukuma baiskeli njia yote, vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wakimpita na kabichi zao na kumcheka kwamba amesahau kazi ya magurudumu. Alifika nyumbani kwetu Mapendo miguu imechubuka. Farida alikuwa ameapa kumchapa, lakini alipomwona mlangoni akamkumbatia tu, wakalia wote wawili. Dieudonné naye alikuja jioni ileile, akakaa kwenye kiti chako, akasema "Munisamehe" tu. Tulimpa chai, maana ni mutu wetu.

Siku zilipopita Mohamed akamuuliza Shida, kwa utani, kama kweli alidhani ni wewe umepiga. Mutoto akainamisha kichwa. "Nilijua ni Mama, sauti yake naijua. Ila nilitaka kumujibu Papa mara moja tena."

Wanaokukumbuka kwa upendo: mke wako Farida, binti yako Shida, mdogo wako Mohamed na familia yake, wenzako wote wa Pedali za Goma. Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema. Tutakukumbuka maadamu tunapumua.