Robinet Yenye Tulijaza Sisi Wenyewe

Mardi, tarehe 8 juillet

Ku source, kule maji inatoka mu udongo, asubui. Bidon ya maji ku mugongo, kamba ku kipaji, mulima inapanda kama inanitukana. Masika angali analala. Mutoto yangu wa kwanza, na mimba yake imefika mwisho. Alikuja toka kijiji ya Mbau, juu kule waasi banaua batu mu mashamba, kulima ni kuchezea uhai. Bwana yake alibakia Beni, anatafuta kazi. Donc ni mimi tu wa kumuchotea maji.

Atazaa hapa kwetu Butembo, ku maternité, nyumba ya kuzalia ya quartier. Maternité iko na robinet ya maji muzuri, inangaa. Tangu serikali iliijenga haijatoa ata tone. Tiyo ya kuleta maji iliingia mu udongo, haikufika ku source. Balisema feza iliisha. Iliishia mu mufuko ya nani? Mwanamuke anaenda kuzaa, maji anabeba mwenyewe. Bila maji, banakurudisha.

Naogopa. Nasali. Naogopa tena.

Jeudi, tarehe 10

Titulaire, ule munganga anaongoza maternité, alituita sisi bamama. Badéputé, babunge bakubwa, banakuja kesho. Commission toka Kinshasa, inazunguka kuangalia feza ya serikali ilifanya nini. Leo iko Beni, kesho ni sisi.

Roho yangu iliruka. Nikasema mu moyo: bataona robinet imekauka, batauliza.

Titulaire anasema tujaze citerne, ile tanki ya robinet, na bidon zetu.

«Bamama, mugeni hapokelewe mu nyumba chafu. Munataka banicheke?»

Na sisi tukasema ndiyo! Njo vile mama zetu balitufundisha. Mugeni akikuja unaficha chungu yenye kutoboka, unakopa kiti kwa jirani. Tulichota paka jua ikaingia. Ata matelas ya kitanda, kila mutu alileta yake. Mimi nilileta ya Masika. Analala ku mukeka. Alinicheka: «Mama, mutoto yako ni mimi ao ni badéputé?»

Nilibeba matelas, nikaenda.

Vendredi, tarehe 11

Niko na kasirani, naandika mbio, sijui kama nitaweza kujisoma.

Balikuja na magari na basoda ba bunduki. Mukubwa ya badéputé akafungua robinet. Maji ikatoka. Maji yetu, ya shingo zetu! Bakapiga makofi. Akatugeukia: «Bamama, munaona? Serikali inatumika kazi.» Tukaimba. Mimi pia. Nilipiga ata vigelegele, mujinga mimi. Mwenye kuandikia commission aliandika. Ikawa imeisha.

Kisha maneno ya bakubwa. Murefu. Masika amesimama mu jua na tumbo yake, viti yote ni ya bageni. Kitu ikanipanda toka ku miguu. Nikaenda ku robinet, nikafungua yote, maji ikamwangika chini, nikasimama pale.

Jirani yangu Mama Kahindo akanivuta kitenge. «Mama Masika, funga! Balikuroga?»

«Iache. Si ni maji ya serikali? Haiwezi kuisha.»

Alinitazama. Akaziba kinywa na mukono, mabega inatikisika na kicheko. Hakufunga.

Maneno ikaisha, chakula ikafika. Bugali, kuku, sombe. Na nani anagusa bugali bila kunawa? Mukubwa akakunja shati, akaenda ku robinet. Ikakohoa. Ikatema matope kidogo. Basi.

Titulaire: «Ni panne kidogo, imeharibika tu leo, Honorable.»

Mimi: «Panne ya tangu mulijenga!»

Nikasema yote. Source, kamba, tiyo yenye haifike pahali. Nikamuonyesha Masika: ule pale ni mutoto yangu, atazalia hapa, na maji gani? Bamama bengine bakaingilia, kila mutu na sauti yake, ikakuwa kama soko. Mwenye kuandika akarudia kuandika.

Mukubwa akaniangalia, polepole. «Sasa mama, juu ya nini muliimba?»

Nikageuka, nikafunga robinet. Ile ulizo njo ilinichoma kupita yote.

Balinawa na maji ya chupa, bakakula, bakaenda.

Samedi, tarehe 12

Nilirudisha matelas nyumbani. Titulaire hakujibu salamu yangu. Anasema kwa batu nilimuvunjia kazi. Serikali haimulipe ata yeye, najua. Lakini kasirani yangu kwake haishuke, kwa badéputé haishuke, na kwangu mwenyewe njo kabisa.

Na kama Titulaire atakataa Masika? Nilitafuta maji, ao nilifunga mulango?

Mama Kahindo alipita. «Wee, Mama wa Robinet!» Batu ba quartier muzima bananiita vile. Masika alicheka paka akashika tumbo.

Dimanche, tarehe 13

Misa. Padri anasema tusamehe.

Leo hapana.

Mercredi, tarehe 16

Uchungu ilikamata Masika asubui. Tulienda na yeye pole pole, anasimama, ananishika shingo, tunaenda tena. Nilikuwa na bidon moja tu. Titulaire alikuwa ku mulango. Nikaweka bidon chini mbele yake.

Aliangalia bidon. Aliangalia Masika. «Ingiza muzazi.»

Mutoto mwanamuke. Alilia muzuri. Kumuosha tu, maji ikaisha, na Masika angali na damu ku miguu. Nikafunga kitenge nishuke ku source. Titulaire akasema: «Bakia na mutoto yako.» Akachukua bidon, akatoka.

Nilimuona ku dirisha akirudi. Blouse yake mweupe ya munganga imejaa udongo, bidon ku bega, anaibeba mubaya, maji inamumwangikia mugongo. Bamama balikuwa mu njia. Hakuna mwenye alimucheka. Mumoja akamupa kamba yake.

Commission haijatuma neno.

Masika amelala. Mutoto ananyonya.