Paka Kumi na Mmoja na Jirani Niliyemsingizia

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na usinicheleweshe, maana daktari ameniambia moyo umechoka na sidhani nitaumaliza mwaka. Mimi ni mwalimu mstaafu wa biolojia, naishi ghorofa ya kwanza, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikiwatupia chakula paka wasio na mwenyewe kupitia dirisha la jikoni, mwanzoni wawili tu, sasa kumi na mmoja, wanapigana, wanakojolea ngazi, wapangaji wamechoka, na mwenyekiti wa jengo letu alipouliza kwenye kikao cha wapangaji, "Nani anawalisha hawa?" mimi, na mvi zangu zote, nikajibu, "Muulizeni fundi cherehani, si ndiye anayeshinda huko chini?" Yule mama fundi akanitazama, akasema, "Haya, mwalimu, kama umeniona," wakamwondolea meza yake ya kushonea pale mlangoni mwa jengo, sasa anashona chumbani gizani, na bado kila asubuhi ananiambia "shikamoo, mwalimu," na hiyo shikamoo inanimaliza kuliko huu moyo. Juzijuzi kikao kiliamua paka wawekewe sumu mwisho wa mwezi, nikapata wazimu, nikamnasa jike mmoja mweusi nikamfungia bafuni nimwokoe, siku mbili hakula, akajibanza nyuma ya ndoo ananguruma, akanirarua mkono, nikamfungulia huku nalia. Binti yangu anasema, "Baba, achana nao, wewe mwenyewe mgonjwa." Niachane nao? Na nikifa, nani atawalisha?

Mwalimu wa Dirishani

Shikamoo, mwalimu. Pole kwa moyo, na pole kwa mkono. Kaoneshe hilo jeraha leo, usisubiri livimbe.

Sasa vumilia nikugombeze. Miaka yote hiyo umefundisha uzazi, ukadhani paka hawakusikia somo? Kulisha bila kuwafunga kizazi ndiko kulikokuletea ukoo mzima. Na yule mweusi hakukukosea adabu. Amezaliwa nje na hajazoea mikono ya watu. Bafu lako kwake ni jela.

Sumu haitasaidia. Chakula na maficho vikiwepo, paka wengine watahamia. Mpigie daktari wa mifugo, umwombe mitego ya sanduku. Wanaswe, wafungwe kizazi, wachanjwe, wakatwe ncha ndogo ya sikio wakiwa kwenye usingizi wa dawa ili wajulikane wameshafungwa, kisha warudishwe palepale. Ugomvi na harufu vitapungua. Chakula kiwe sahani moja, saa ileile kila siku, mbali na ngazi, na kiondolewe baada ya nusu saa. Ukome kutupa dirishani!

Lakini hakuna atakayekusikiliza kuhusu mitego kabla hujasafisha jina la fundi. Usimwite kwako, shuka wewe, polepole, ukishika ukuta. Mwambie, "Nilikusingizia." Usimtajie ugonjwa wako, asije akakusamehe kwa huruma. Kisha kikao kiitishwe kabla ya mwisho wa mwezi, useme mbele ya wote, "Ni mimi," na uombe mambo mawili: meza irudi mlangoni, sumu isinunuliwe.

Kuhusu mrithi wa sahani, huenda fundi anawajua paka hao kuliko wewe unayewaona kwa juu. Ila usimwombe msamaha na kazi siku moja. Msamaha Jumatatu. Paka, mwulize Alhamisi. Akikataa, ana haki yake. Gonga mlango unaofuata, na binti yako akubebee kiti cha kupumzikia.