Sahani Isiyo na Chumvi

Mbinga Mjini,
14 Septemba 1997

Kwako Dada Hedwiga,

Shikamoo. Namwomba Mungu barua hii ikukute salama huko Ngumbo, wewe, Shemeji Elias na watoto. Je, homa ya Rosa imekwisha? Na ziwa limetulia, au bado mnakula ugali wa muhogo mkiyatazama mawimbi? Hapa mjini tunaendelea. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, kahawa ya kwetu Matiri inagombewa kama mpira wa kona, na sisi makarani tunaandika stakabadhi mpaka vidole vinakufa ganzi. Lakini nakuandikia kwa ajili ya Baba.

Mwezi uliopita Mama alimleta hapa, miguu imevimba, akisimama kuvuta pumzi kila baada ya nyumba mbili. Mwenyewe alidai ni uchovu wa kuchimba ngoro, yale mashimo ya kupandia mahindi, mlimani. Hospitalini wakampima: presha juu, sukari juu. Daktari akaniita pembeni, akaniambia kwamba magonjwa hayo mawili yamekaa ndani ya Baba miaka mingi bila kubisha hodi. Sukari huchubua mishipa kwa ndani na kuifanya migumu. Presha huufanya moyo kuwa kama lori linalopanda mlima na mzigo kila siku. Halifi kwenye mlima wa kwanza, alisema, ndiyo maana mtu haamini. Akasema mwenye ugonjwa mmoja moyo wake umo hatarini, lakini kwa mwenye yote mawili hatari ni kama haijumlishwi, inazidishwa. Moyo wa Baba umeanza kuchoka. Ila dawa za kila siku, chumvi kidogo na ugali wa kiasi vyaweza kumpa miaka. Dada, tangu siku ile nikisikia gari la Matiri likipiga honi, nadhani limeleta msiba.

Tulichukua vidonge, akarudi navyo. Jumapili moja nikapanda kumwangalia. Umeolewa mbali, lakini hujasahau sengu yetu: wanaume wa ukoo wameketi kwa Baba, kila nyumba imeleta chungu chake. Baba alinawa, akachota katika kila chungu, maana kukiruka chungu cha mke wa ndugu ni kumtukana. Kisha, Dada, akatoa vidonge vyake mfukoni akaanza kuvigawa! Kwa Baba Mdogo Raimundi, kwa Mzee Methodi, kwa kila aliyenyoosha kiganja. Nilipopiga kelele, Baba Mdogo akaniuliza kama huko mjini siku hizi tunafundishwa kuficha mboga. Baba naye akasema hajawahi kumeza kitu senguni huku ndugu zake wakimtazama mdomo, na isitoshe wao pia vichwa vinawauma.

Kumbe haikuwa mara ya kwanza: Mzee Methodi, asiye na ugonjwa wa sukari kabisa, alikuwa amezimia shambani juzi yake, na mkewe ameshaanza kumtazama jirani kwa jicho baya. Nikawaeleza kwamba kidonge cha kushusha sukari humwangusha mtu ambaye sukari yake haikupanda. Hapo wakaogopa, na vidonge vikarudi mfukoni.

Chakula ndicho kilichonishinda. Jumapili iliyofuata nilimwomba Mama amwandalie Baba sahani yake kando: ugali kidogo, mboga nyingi, maharage bila chumvi. Baba akaisukuma. Akasema mtu anayekula peke yake ni mchawi au mchoyo, na yeye hajawa lolote kati ya hayo. Afadhali afe ameshiba na ndugu zake. Wazee wakaitikia. Mama akainamisha uso.

Basi nikasema neno ambalo sikuwa nimelipanga. Nikasema sahani ile si ya Baba, ni yangu. Kwamba nami nimepimwa, nina presha na sukari, na daktari amenikataza chumvi. Nikaanza kula, na chakula chenyewe chapwa. Baba akanitazama, akasogeza kigoda, akatia mkono sahanini. Mwanawe, alisema, hatakula kama mchawi yeye akiwa hai.

Tangu siku hiyo anakula. Siku za kazi Baba Mdogo hushika nafasi yangu kwenye sahani, akilalamika kwamba amegeuzwa mbuzi. Na Baba aliponisindikiza barabarani siku ile, aliniambia anajua nimedanganya, ila uongo wa namna ile yuko radhi kuula kila siku. Akacheka, Dada. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu avimbe miguu.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Jumatatu yake nilikwenda kupimwa, ili nikaungame kwa Padre Damiano nikiwa na hakika kwamba nimedanganya. Sikuwa nimedanganya. Muuguzi alipima mkono huu, akapima na ule, nikarudi siku nyingine wakapima tena, na sukari pia. Ninayo magonjwa yote mawili. Hakuna kinachoniuma, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Daktari anasema kwa umri wangu moyo bado mzima na naweza kuulinda, nisipoacha dawa. Na kwamba mambo haya hupita katika damu ya ukoo. Kwa hiyo nakusihi nenda zahanati ya misheni ukapimwe, hata kama hujisikii kitu. Kumbuka ulivyovimba ulipokuwa na mimba ya Rosa.

Baba hajui. Anaila sahani ile kwa furaha ya uongo wangu, nami sijapata mdomo wa kumnyang'anya furaha hiyo. Ukija Noeli utatukuta tumeketi pamoja, na bila shaka atakukonyeza kukuonyesha jinsi mdogo wako anavyojua kuigiza ugonjwa. Nakuomba, nawe mkonyeze.

Msalimie sana Shemeji, uwabusu watoto. Mama anasema samaki mtakaotuma wasitiwe chumvi. Nasubiri majibu yako ya kupimwa kabla ya habari nyingine yoyote.

Ni mimi mdogo wako,
Erasmo