Joka Langu Mikononi mwa Skander

Nizar, kuna msiba bwenini. Keti kwanza.

Nimelipoteza Joka, ile kadi yangu bora. Joka langu! Lilichukuliwa na Skander, yule asiyemshambulia mtu.

Tulicheza kadi za vita wanne, kila mmoja ameweka dau kadi yake bora. Mimi nikachoma majeshi ya wote, kama kawaida. Wassim analalamika, Ghazi analalamika. Skander anatafuna mkate wake wa tuna tu. Mkate ambao mimi mwenyewe niliujaza pilipili ya harissa, ili machozi yamzibe macho asione kadi. Hata jasho halikumtoka!

Kumbe kadi zake ni mizimu tupu. Kila askari niliyemuua, yeye anamfufua upande wake. Jeshi lote likanigeukia. Akasema, "Asante, kaka, umenipikia vizuri."

Umenipikia vizuri! Nimeua meza nzima kumlisha yeye!

Halafu akalichomoa Joka kwenye kile kifuko cha plastiki ninacholilindia, kwa vidole vinavyochuruzika mafuta mekundu. Akalipapasa mabawa. Polepole.

Kisha akanirudishia, limejaa madoa mekundu.

"Kaa nalo, ndugu yangu. Hili nalo umelitia harissa kupita kiasi."