Uvimbe Chini ya Taya

Kangemi, Nairobi
13 Agosti 2006

Kwako dada yangu Veronicah,

Nakusalimu wewe na shemeji yangu, pamoja na watoto wote hapo Ugunja. Natumai kifua kimeachilia na sasa unapata usingizi. Huku tungali tunapumua. Milcah ametoka kanisani na hakunieleza hata mahubiri yalihusu nini, maana mke wangu siku hizi hanisemeshi. Sababu yake utaisoma.

Barua yako niliipata Alhamisi. Unaniagiza, kwa kuwa mimi ndiye mwenye kalamu katika familia, nimshtaki kwa bodi yao yule daktari wa meno wa Hurlingham, Daktari Waceke. Wenzake Tobias wa kazi ya mjengo wamekuambia kwamba daktari huyo alimwona mwanao Ijumaa, siku mbili kabla hajafa, akamwacha aende zake. Nimekaa na karatasi mara tatu. Mimi niliyewachapa madiwani na maaskofu magazetini kwa makala zangu, nimeshindwa kuandika mstari mmoja. Acha nikueleze siku hizo zilivyokwenda.

Gego la chini lilimsumbua Tobias wiki nzima, na bado alikuwa akipanga vigae kwenye zile nyumba mpya za Kilimani. Jumatano shavu lilivimba. Unamjua mwanao kwa mzaha: alimwambia Milcah kwamba shavu moja limeshaingia bungeni na la pili bado linapiga kampeni. Milcah alicheka, kisha akamwambia mheshimiwa aende akaonwe kabla hajapewa uwaziri.

Ijumaa alipitia kliniki ya huyo daktari akitoka kazini. Alirudi kwangu jioni mapema. Nyumbani kwetu, kama unavyojua, mtu haendi kulazwa kabla mkubwa wa nyumba hajasema sawa. Ndivyo Baba alivyotulea, nami niliishika desturi hiyo kama sheria ya nchi. Tobias alikuwa na miaka ishirini na sita, fundi kamili, lakini alikuja kuniuliza.

Nilimwambia kila mtu anajua jino lililovimba haling'olewi. Uvimbe hushuka kwanza, ndipo jino litoke. Nilimcheka kwa kukimbilia daktari kwa sababu ya jino, nikamuuliza kama amewahi kusikia matanga ya mtu aliyeuawa na gego. Milcah alikuwa na vidonge vinne vya rangi mbili vilivyobaki alipokuwa na kikohozi. Nikampa hivyo, na maji ya chumvi asukutue.

Jumamosi uvimbe ulikuwa umeteremka chini ya kidevu na kushika pande zote mbili, mgumu kama ubao. Mdomo ulifunguka upana wa kidole tu. Sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyejaza ugali mdomoni, na mwili ulikuwa moto. Chai ilimshinda kumeza. Milcah alinisihi tuondoke saa hiyohiyo. Nikamwambia aache kupandisha watu presha, kwani dawa haijapewa nafasi ya kufanya kazi. Alinijibu kwamba mimi ningebishana hata na jeneza. Nikamwambia anyamaze.

Jumapili asubuhi tulimkuta ameketi, ameinama mbele juu ya beseni, mate yakichuruzika kwa kuwa hata hayo hakuweza kuyameza. Hakuweza kulala chali. Akijaribu, pumzi inakatika. Ulimi ulikuwa umeinuka. Mara hii Milcah hakuniomba ruhusa. Alimwita jirani yetu Mwololo aliye na pikapu, wakampakia, nami nikapanda nyuma. Tulipofika hospitali alikuwa amegeuka rangi. Madaktari walijaribu kumtoboa koo wampitishie hewa, lakini hawakuwahi. Walituambia usaha wa jino ulikuwa umeenea sakafuni mwa mdomo na kuziba njia ya pumzi, na kwamba angefika Ijumaa angetibiwa akapona.

Kaburini ulinisikia. Nilisema serikali haina haya na madaktari wamekuwa wachuuzi. Nilisema hakuna mtu aliyetuonya. Watu waliitikia, nawe ukanishika mkono.

Dada, tulionywa. Daktari Waceke hakumwacha Tobias aende zake. Alimwambia uvimbe ukishuka chini ya taya hausubiriwi, aende hospitali kuu jioni ileile awekewe dawa ya mshipani na usaha utolewe. Alimwandikia barua ya kupokelewa, na juu yake akapiga mstari chini ya neno LEO. Tobias alinipa barua hiyo. Niliisoma, nikamwita daktari huyo kitoto cha juzi, nikaitia mfukoni mwa koti langu. Ndilo koti nililovaa kumzika.

Na kuna zaidi. Jumamosi adhuhuri, aliposhindwa kusema, Tobias alichukua gazeti langu akaandika pembeni: Mjomba, twende leo? Nilimjibu: Jumatatu.

Kwa hiyo mashtaka sitayaandika. Barua ya daktari nimeifunga humu pamoja na kipande hicho cha gazeti. Wasomee waliokuambia habari zile, na umsomee shemeji. Milcah nilimwonyesha jana. Aliisoma amesimama, akaenda jikoni.

Jumamosi ijayo nitakuja Ugunja niyaseme haya mbele ya wote walioniitikia kaburini. Kama hutaki nikanyage uani kwako, nitayasemea nje ya lango. Kabla sijafika, angalia watoto. Yeyote atakayevimba taya akashindwa kufungua mdomo au kumeza, mpeleke siku hiyohiyo, usingoje idhini ya mwanamume yeyote, hata awe amesoma namna gani.

Msalimu shemeji, ikiwa bado atapokea salamu zangu.

Ni mimi nduguyo,
Maxwell Odero