Jumamosi Tuliyokosa Tuisheni

Jumapili, Novemba 2018. Northfield, Birmingham.

Ukungu umelala juu ya mapaa ya majirani tangu asubuhi, na hakuna anayeuamsha. Nimekaa dirishani na chai ya tangawizi. Nina raha na nina hofu, vyote kwa pamoja. Nikiwapigia dada zangu watanikatiza kabla sijafika katikati, kwa hiyo naandika hapa.

Mimi ni Msomali wa Eastleigh, Nairobi. Nikiota, naota kwa Kiswahili. Binti yangu Hamda alizaliwa Finland, na huko ndiko tulikoishi mpaka mwaka jana, Baba Hamda alipopata kazi huku Uingereza.

Chekechea yake ilikuwa kando ya msitu. Nikifumba macho bado naiona: watoto ndani ya ovaroli nene, kama mito ya kulalia inayotembea, wakichimba theluji kwa majembe madogo. Walitoka nje hata kwenye baridi ya kugandisha kope. Baada ya chakula walilala. Kusoma hawakufundishwa. Mimi niliyefundishwa irabu kwa rula, jambo hilo lilinikera, nikamuuliza mwalimu wataanza lini. Akaniambia shule huanza mtoto akiwa na miaka saba. Kwa sasa kazi yao ni kucheza. Alilitamka neno "kazi" bila mzaha wowote.

Huku Hamda hajatimiza hata sita, naye yuko darasa la kwanza. Kabla ya likizo ya kiangazi watapimwa kusoma.

Alhamisi mwalimu wake aliniita pembeni. Ni msichana mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Akasema Hamda yuko nyuma ya wenzake, na darasani hafungui mdomo.

Nilijua. Kila jioni tunakaa mezani na zile kadi za maneno kutoka shuleni. Baadhi ni maneno ya uongo, hayamo katika lugha yoyote, yamewekwa ili ijulikane kama mtoto anaunganisha sauti au amekariri tu. Hamda akifika kwenye neno la uongo, anasimama kulitafutia maana.

"Hiki ni Kisomali?" ananiuliza kwa Kiingereza. "Ni Kiswahili? Ni Kifini?"

Nikimwambia si lugha yoyote, analia. Siku hizi anaamka akilalamika tumbo.

Baba Hamda akatafuta tuisheni ya Jumamosi, kule Longbridge.

Basi jana tukapanda basi, mimi na Hamda. Manyunyu yalikuwa yakiteleza kwenye kioo, na Hamda alikaa kimya, mkono juu ya tumbo, kama mgonjwa anayepelekwa kwa daktari. Kituo chetu kikakaribia. Nikanyoosha mkono kubonyeza kengele.

Sikubonyeza.

Kituo kikapita. Hamda akanitazama, nami nikatazama mbele kama mwizi. Tulikwenda mpaka mwisho wa njia, chini ya vilima vya Lickey, tukapanda taratibu kuelekea kwenye miti.

Sikujua kuna misonobari huko. Ile harufu ilinirudisha Finland kwa pumzi moja. Hamda alisimama, akanusa, kisha akakimbia.

Alikokota matawi, akayaegemeza kwenye shina, akapata nyumba. Akaokota matunda makavu ya msonobari, akayapanga ndani kama watoto wa chekechea. Na hapo akaanza kusema. Kwa Kifini! Lugha niliyodhani imeyeyuka pamoja na theluji. Yalimtoka maneno mengi, kwa sauti ya mkubwa mwenye watoto wake. Huyu alisukuma mwenzake, aombe msamaha. Huyu amelowa, akaushwe. Huyu mdogo kabisa hataki kula, tumbo linamuuma.

Akamwinua yule mdogo, akampuliza. "Basi leo usiende," akamwambia. "Kaa na mimi."

Niligeuza uso nikautazama mti.

Simu ikalia. Alikuwa Baba Hamda, ameshaambiwa na watu wa tuisheni kwamba hatukufika.

Tulipofika nyumbani hakupiga kelele, na mimi ningependa zaidi angepiga.

"Mama Hamda," akasema, "Finland si hapa. Kule wote wanangoja pamoja. Huku akibaki nyuma, anabaki peke yake. Msichana mweusi, Mwislamu. Nani atamngoja?"

Mume wangu si mkatili. Anaogopa mambo ambayo ameyaona.

"Tutamngoja sisi," nikasema.

"Mpaka lini?"

"Mimi nasikia."

Tuligeuka sote. Hamda alikuwa ameketi kwenye ngazi, bado amevaa koti. Kiswahili ni lugha tunayoitumia kugombana, tukidhani kinampita tu. Alikuwa anakielewa siku zote, lakini alikuwa hajawahi kutujibu kwa Kiswahili.

"Baba, mimi nasikia," akarudia.

Baba Hamda alikwenda akaketi naye kwenye ngazi, bega kwa bega. Nikawaachia nafasi, nikaingia jikoni. Walizungumza mpaka wali ukaiva.

Tumekubaliana kadi zitabaki shuleni. Nyumbani tutamsomea hadithi, yeye asikilize tu. Tuisheni Baba Hamda ameifuta mwenyewe, kwa sharti kwamba kiangazi kikifika tutakaa tena tuzungumze. Sharti hilo linanitia baridi, ila nimelikubali.

Kesho asubuhi ameomba ruhusa kazini. Tutakwenda kwa mwalimu wote wawili, tukalie vile viti vidogo, magoti ya mume wangu yakikaribia kidevu, tumwambie kwamba mtoto wetu hatuna haraka naye.

Wazazi wa Eastleigh, mbele ya mwalimu, kusema hawana haraka. Mama yangu akisikia, nitamweleza nini?